Majumba Aliyotaka Kuyaona Mama

Daktari wa macho alimwambia mama moja kwa moja. Presha ya macho ilikuwa imeshakula sehemu kubwa ya kuona kwake, na yale matone ya dawa yangechelewesha tu kilichobaki. Tulikuwa tumekaa naye kwenye benchi hapa Musoma, mama akiwa amevaa gauni lake la kanisani, maana kwake yeye hospitali ni mahali pa heshima. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja tu.

"Yatafika mavuno?"

Daktari akasema huenda yakafika, huenda yakapita kidogo. Mama akamshukuru, akachukua mkoba wake, tukatoka.

Nilidhani atalia. Niliyelia ni mimi, jikoni kwangu, nikisonga ugali. Yeye alikaa kwenye mkeka akichambua sato kwa vidole, akatoa miba yote kabla hajala, kisha akasema, "Kuna majumba nilikuwaga natamani kuyaona tangu niko msichana. Nilikuwaga nasema nitaenda, nitaenda. Sasa nataka niende."

Yalikuwa matatu. Boma la Wajerumani hapa mjini, ambalo kaka yake mkubwa aliwahi kulala ndani kwa kesi ya ng'ombe. Kanisa la misheni alikobatizwa, pamoja na nyumba ya mapadri ambayo babu yangu alikuwa akitunza bustani yake. Na makao ya mtemi wa zamani kule Butiama, kwenye kilima cha mawe. Mama alikuwa amepita karibu na yote hayo maisha yake yote, na hakuwa ameingia ndani ya hata moja, isipokuwa kanisa.

Gari tulikuwa nalo. Mume wangu ni seremala, na ana gari dogo la kubebea viti na milango. Shida ilikuwa ni yeye mwenyewe. Kwetu mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni, hawapeani mikono, hawali pamoja. Mume wangu ni mtoto wa Bunda mjini, wa baba wa huku na mama wa kule, na mambo hayo hakukulia nayo. Siku ya kwanza nilipompeleka kwetu Mugeta alinyoosha mkono amsalimie mama, na mama akakimbilia nyuma ya zizi. Alijifunza. Tangu hapo, miaka yote ya ndoa yetu, mama akija nyumbani yeye anahamia karakana, na wanasalimiana kupitia mimi.

"Tutachukua bajaji," mama alisema.

Mume wangu alikuwa anapiga randa nje ya dirisha. Randa ikanyamaza. "Mwambie mama, bajaji mpaka Butiama itamvunja mgongo. Gari lipo."

"Mwambie mkwe nimeshukuru," mama akanijibu mimi, ingawa alisikika hadi barabarani. "Ila tutaketije?"

Asubuhi ya safari ya kwanza nikaona mume wangu alivyolitatua. Kile kioo cha ndani cha kutazamia nyuma alikuwa amekigeuza kikatazama paa, na kiti cha nyuma, upande ulio mgongoni mwa dereva, alikuwa ametandika mto. Mama akaingia, akajifunika kanga, tukaondoka.

Boma halikuchukua muda. Siku hizi ni ofisi, na mfanyakazi mmoja tuliyemweleza shida yetu alituruhusu kuzunguka. Mama hakuangalia sana paa wala milango. Aliweka kiganja ukutani, kwenye dirisha, akapima unene wake kwa mkono mzima, kiwiko kikaingia.

"Ndiyo maana kaka alisema aliita usiku kucha na hakuna aliyesikia," akasema. "Mimi nilidhani walimpuuza."

Tukarudi nyumbani. Alionekana kama mtu aliyetua mzigo.

Misheni tulienda Jumapili iliyofuata. Baada ya ibada watu walitawanyika, na mama akabaki kwenye benchi la mbele. Kanisa lile lina madirisha madogo ya vioo vya rangi upande wa mashariki. Aliniambia kwamba alipokuwa mtoto alidhani rangi zile zilizoanguka sakafuni ni baraka, na ukizikanyaga umefanya dhambi, kwa hiyo alikuwa akiruka. Nikamwona, mwanamke mwenye wajukuu, akinyanyua gauni kidogo na kuvuka doa jekundu pale sakafuni.

Kisha tukaenda kwenye nyumba ya mapadri. Siku hizi wanaishi masista wachache. Mama alipokuwa msichana alikuwa akimletea baba yake uji hadi kwenye uzio wa nyuma, na hapo ndipo mwisho wake. Kutokea uzioni aliona waridi, mistari ya kabeji, michungwa, na nyuma yake nyumba yenye baraza refu. Alituhadithia sana nyumba ile tukiwa wadogo. Kwa jinsi alivyoisimulia, mimi niliamini ina vyumba kama shule.

Sista aliyetufungulia alikuwa mwanamke wa makamo, ameshika kisu cha kumenyea viazi. Nikamweleza. Hakuuliza mengi. "Karibuni ndani, mama," akasema. "Nyumba ni yenu."

Mama akavua viatu barazani, tukaingia. Sebule ilikuwa na meza, viti sita, na picha ya Bikira Maria. Vyumba vya kulala vilikuwa vinne, vidogo, kila kimoja na kitanda cha mtu mmoja. Mama akachungulia kimoja baada ya kingine, akarudi sebuleni, akasimama katikati.

"Ndiyo hii tu?"

"Ndiyo hii, mama," sista akasema.

Mama akaanza kucheka. Alicheka hadi akashika meza, na sista akacheka naye, bila kujua sababu. "Miaka yote," mama akasema akifuta macho, "nilikuwa nawaonea wivu wale mapadri wa kizungu. Kumbe walikuwa wanalala peke yao kwenye kabati."

Bustani ndiyo iliyomnyamazisha. Waridi hayakuwepo tena, lakini michungwa miwili ilikuwa hai, mikubwa, yenye gome la kijivu. Sista akasema michungwa hiyo ilikuwepo kabla hajafika, na hakuna aliyejua nani kaipanda. "Ni baba," mama akasema. Sista akaenda kuleta kikapu akatujazia, na akampelekea mume wangu machungwa mengine kule garini, alikokuwa ametusubiri.

Butiama tulienda mwisho, mahindi yakiwa yameanza kukauka mashambani. Wakati huo mama alikuwa anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Kupanda kilima nilimshika mkono wa kulia, na jiwe lilipokuwa refu sana nilishindwa. Mume wangu alikuwa nyuma yetu, hatua za heshima. Nikamwangalia, naye akaangalia chini.

"Mwambie mkwe anishike," mama akasema.

Akamshika mkono wa kushoto, uso ameugeuzia pembeni. Tukampandisha hivyo, hadi kwenye makao ya mtemi. Tukaona misingi ya mawe, mahali pa zizi, na mwamba mpana ambapo pimbi walikuwa wakiota jua. Mama akakaa kwenye mwamba. Nikaanza kumweleza, huku kulikuwa hivi, kule vile. Akanizuia kwa mkono.

"Nimeona ya kutosha ya watu waliokufa," akasema. "Mwambie mkwe avue kofia akae hapa mbele yangu. Nimemlisha mtu miaka yote sijui sura yake."

Mume wangu akaniangalia kama anayeuliza kama ni halali. Akavua kofia, akachuchumaa mbele yake. Mama akasogeza kichwa taratibu, kushoto, kulia, akimtafuta kwenye kile kitundu cha mwanga kilichobaki. Akaona paji la uso, akaona pua, akaona ndevu zilizoanza mvi.

"Kumbe unafanana na mtu mwema," akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia neno bila kupitia kwangu. Mume wangu akasema, "Asante, mama," akavaa kofia, akaenda kusimama mbali akitazama mashamba.

Macho yalizimika baada ya mavuno, kama daktari alivyokisia. Mama anaishi nasi sasa. Desturi ilirudi mahali pake: mume wangu akipita uani, mama anaugeuza uso kwa kusikia tu hatua zake. Watoto wanamuuliza kwa nini, wakati haoni. Anawajibu kwamba heshima siyo macho.

Nashukuru kwa daktari aliyesema ukweli mapema, na kwa yule sista, na kwa mume niliyepewa. Mwezi uliopita mama aliomba apelekwe Bunda, aone msikiti wa zamani ambao babu wa mume wangu alisaidia kuujenga. Alisema hivyohivyo, "nikauone." Tukasimama nje, kivulini, nikaanza kumsimulia mnara ulivyo, na nikaupamba kidogo.

"Usinipambie," akasema. "Sema ulivyo."

Nikaanza upya. Rangi imebanduka upande wa barabara, nikamwambia, na kuna njiwa wawili juu.