Buji Nne za Muyinga

Wiki ya arusi yangu, gari la baba lilianza kukohoa. Lilikuwa gari kuukuu la kubebea vitambaa vyake vya sokoni, na watu wa mtaa wetu wa Yoba, Gitega, walilijua kwa sauti kabla halijakata kona. Baba akafungua boneti, akatoa buji zote nne, akazikuta nyeusi tititi na ncha zimelika. Akasema zinatakiwa mpya. Gitega nzima hazikupatikana, kwa sababu vita vilikuwa vimebana njia na maduka ya vipuri yalibaki na rafu za kupangia vumbi. Lakini Muyinga iko karibu na mpaka wa Tanzania, na mchumba wangu alikuwa Muyinga. Baba akamtumia salamu kwa dereva wa lori: mkwe atuletee buji nne upesi, bila hizo bibi arusi hafiki.

Nikahi ilikuwa ifungwe huko huko, kwa baba yangu mkubwa, na ilikwisha kuahirishwa kwa ajili ya barabara. Siku zile magari yalikwenda kwa msafara tu, wanajeshi mbele na nyuma, na ukiukosa huo hakuna aliyejua mwingine utatoka lini. Nami nilimtaka yule mwanamume. Nasema wazi, sasa mimi ni mtu mzima, sina wa kumwonea haya.

Sasa, kwetu neno ni moja. Kile kinachotoa cheche kwenye injini ni buji, na mshumaa nao ni buji. Mchumba wangu alikulia Kigoma, na kule cha injini ni plagi. Akamuuliza jirani buji ni kitu gani, jirani akamwonyesha mshumaa. Basi ujumbe wetu akauelewa hivi: kwa watu wa Gitega, bibi arusi hatoki nyumbani bila mishumaa minne. Akatafuta iliyo mizuri kuliko yote, minene, myeupe, akaifunga utepe mwekundu, akaituma.

Baba alifungua kifurushi, akatoa mshumaa mmoja, akaunusa.

“Huyu mukwe yetu iko na akili kweli?” akaniuliza.

Shangazi, ambaye alikuwa akinichora hina mguuni, alicheka mpaka ua moja likapanda hadi kwenye goti. Mimi nilicheka mpaka nikalia, kisha nikalia kweli kidogo, maana msafara ulikuwa unaondoka kesho yake.

Baba akazikwangua buji zake za zamani kwa brashi ya waya, akaziosha kwa petroli, akazibana ncha, akazirudisha. Asubuhi tukaondoka: yeye kwenye usukani, shangazi ubavuni pake, mimi nyuma na mtandio wangu na hina yangu, mishumaa nimeipakata. Shangazi alisema zawadi ya mume haiachwi nyumbani.

Tulipopita Karuzi manyunyu yakaanza, na kwenye mlima gari likaanza kurukaruka. Baba akalisogeza kando. Gari la wanajeshi waliofunga msafara likasimama nyuma yetu, akashuka mmoja.

“Muzee, sisi hatuwezi kungojea arusi,” alisema, akionyesha kizuizi cha barabarani kule bondeni. “Hii gari ikikataa, munabaki kwa bariere pale chini mpaka njia ifunguke tena.”

Baba akaacha injini ikinguruma, akaanza kuchomoa waya za buji mojamoja. Ukichomoa waya na mngurumo usibadilike, buji ya hapo ndiyo haifanyi kazi. Waya wa kwanza ukampiga shoti. Shangazi akamkamata mkono amsaidie, wakaruka wote wawili. Huko nyuma nikashindwa kujizuia, nikashuka.

“We bibi arusi, rudi ndani,” alisema shangazi, anatikisa vidole.

“Mi nakuja kusikiliza tu.”

Nimekulia karibu na boneti ile, nikimshikia baba tochi. Nilisikia tik, tik, tik, nje ya mwendo wa injini. “Baba, hii si buji,” nikasema. “Umeme iko nakimbia kabla ya kufika.” Nikamwomba shangazi atufunike kwa kitenge chake, boneti na vichwa vyetu. Humo gizani tukaiona: cheche ya bluu inaruka kutoka kwenye ufa wa waya kwenda kwenye chuma, yenye furaha zake. Wiki nzima tulikuwa tukizitukana buji bure.

Baba akazima injini, akaukausha waya kwa ncha ya mtandio wangu. Kilichobaki ni kuuziba ufa, na hakuna aliyekuwa na utepe wa fundi umeme. Akanitazama, nikamtazama.

“Buji,” tukasema pamoja.

Yule mwanajeshi ndiye aliyetoa kiberiti, akaukinga moto kwa kofia yake. Tukadondosha nta juu ya ufa, tukazungusha ule utepe mwekundu, tukadondosha tena, tukaufunga waya mbali na chuma cha moto. Gari likawaka, likanguruma vizuri.

Muyinga tulifika. Wanaume wakakaa sebuleni, mimi na wanawake nyuma ya pazia. Desturi yetu, msichana akiulizwa kama ameridhia, hunyamaza, na kunyamaza ndiko kukubali. Nilikuwa nimejiandaa kunyamaza. Shehe akauliza. Kwenye upenyo wa pazia nikamwona baba amekaa kwa heshima zake zote, kipande cha utepe mwekundu kimegandia kwa nta kwenye mkono wa kanzu.

Nikacheka, tena si kidogo. Shangazi akanifinya. Nikaogopa kwamba nimefika mpaka mlangoni na kuharibu mwenyewe.

“Kicheko pia ni ridhaa,” alisema shehe. “Tuendelee.”

Jioni mume wangu aliniuliza, kwa sauti ya chini, macho kwenye mkeka: “Ulikuwa unanicheka mimi?”

“Hapana. Nilikuwa nacheka buji.”

Uso ukamnawiri. “Kumbe ilifika,” alisema. “Nilikuwa na wasiwasi labda ni midogo.”