Damu Haingoji Chai

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Kombewa, msimamizi wa maabara alinipokonya kikombe mkononi. "Bwana, hii damu haingoji chai," akasema. "Seli zikikufia, umedunga mtu bure." Alikuwa mkali kama pilipili, na walionifuata mimi watakwambia niliurithi ukali wake.

Alinifunza kuizungusha damu kwenye mashine mpaka ijitenge, kisha kufyonza utando mweupe wenye seli T, walinzi wa mwili. Virusi vipya vikiingia, ni seli chache tu zinazovitambua. Hujigawa kwa siku kadhaa kabla ya kutosha kuua seli zilizoambukizwa, na wakati huo mgonjwa anaungua homa. Akipona, nyingi hufa. Chache hubaki na kumbukumbu. Virusi hivyo vikirudi, hizo huamka upesi, na mara nyingi mtu hukohoa kidogo akaendelea na shamba lake.

Baadaye nilihamishiwa Kisumu, chini ya daktari mkuu wa utafiti, mama asiyepaza sauti. Huko tuliziweka seli hai kwenye baridi kali ya naitrojeni. Zilikuwamo za Ochieng, kijana wa mtaa wa Nyalenda. Alitoa damu baada ya korona kumlaza hoi, akatoa tena ilipomrudia na kumpitia kama mafua. Kisha akagongwa na lori.

Mama yake alikuja kabla ya maziko. "Nimesikia mko na damu ya kijana yangu. Mtu hazikwi nusu."

"Seli zake ziko hai, Mama, na zina kumbukumbu," nikamwambia. "Tukizitoa kwa baridi, zitakufa."

"Zinakumbuka nini?"

"Ule ugonjwa tu, tangu ile mara ya kwanza."

"Hiyo mara ni mimi nilimuuguza," akasema, akalia.

Nilitaka kumsihi aziache, maana tulikuwa hatujazipima. Daktari mkuu alinitangulia. "Ni zake, si zetu. Mpelekee nyumbani."

Nimestaafu sasa. Wanafunzi wa Maseno wakiniuliza siri ya kazi hii, huwajibu: haraka. Siwaambii habari za safari ile ya Seme, kijijini kwao Ochieng, kichupa cha seli zake kikipata joto mfukoni mwangu, nami nikijua kinachotokea ndani yake. Inaniuma hata leo. Nilipofika, kaburi lilikuwa wazi, lakini mgeni hukaribishwa kwanza. Mama Ochieng mwenyewe akanimiminia chai. Nikaketi karibu naye, nikainywa yote.