Tangi Lililochubuka

Mpangaji wangu hapa Kaloleni ana pikipiki kubwa ya safari, ile ya masanduku ubavuni. Ilimwangukia langoni pangu ikiwa imesimama tu, mguu ulipoteleza mchangani. Akatazama huku na huku kama kuna aliyeona. Mimi nikawainamia kuku wangu. Akaipa mgongo, akaisukuma kwa makalio mpaka ikainuka, hakuita mtu. Tangu ahamie hapa sijaona mgeni mlangoni pake. Basi kila jioni huchuchumaa na kitambaa na dawa ya meno, akisugua tangi la mafuta lilipochubuka, taratibu kama anayeosha uso wa mtoto. Siku zingine hupaka rangi nyeusi ya kucha, vidole vyake vinene vikishika kile kibrashi kwa ncha. Mwanzoni upande ule aliuficha ukutani. Siku moja akaugeuza kwangu, akakohoa.

"Shikamoo, Mama Wakio. Michubuko bado yaonekana?"

"Marahaba. Hata kuku wanaiona."

Akacheka. Kumbe kicheko chake ni chembamba kama cha msichana. Akavuta kigoda, akanisimulia barabara ya Taveta yote, nami nikaongeza maji kwenye sufuria ya chai, kitu sijafanya tangu Wakio aolewe.

Sasa tangi linang'aa, hata kwa macho haya yangu najiona ndani. Bado anakuja na kitambaa, anauliza. Na mtu asinifundishe kusema kweli nikiwa kwangu. Namwambia, "Bado. Hapo chini, angalia vizuri." Anavuta kigoda.