Bandari ya Kigali

Mimi ni mtu wa Biryogo, mtaa wa Waislamu hapa Kigali, na watu wa Biryogo hatujui kusema kwa kunong'ona. Nasema hivi mapema ili mtu asije akaniambia nimekosa adabu. Miaka ile vita ilipokuwa bado iko kaskazini, na sisi wa mjini tunaijua kwa redio na kwa vizuizi vya barabarani, nilikuwa mpiga chapa katika wizara moja huko Kimihurura. Yaliyokuja baadaye si ya kuchekea, na hapa siyagusi. Nasimulia habari ya barua moja tu.

Kazi ile ilikuwa ya mama yangu kuliko yangu. Alikaanga sambusa miaka na miaka ili nikajifunze kupiga chapa kwa masista, binti wa Kiislamu peke yake kati ya misalaba, na siku nilipoajiriwa alizunguka mtaa mzima akiwaonyesha watu vidole vyangu. Vidole hivyo ndivyo vilivyotulisha: mama, mimi, na wanangu wawili ambao baba yao alikwenda Goma kununua vitenge akasahau njia ya kurudi. Nikiikosa ile mashine, nyumba nzima inarudi kwenye karai la mafuta.

Basi ikaja ile taasisi kubwa ya fedha ya ng'ambo. Yenyewe haiji, inatuma ujumbe: wanaume watano wenye mikoba inayofanana, wanafikia hoteli yenye bwawa la kuogelea, na kiongozi wao alikuwa bwana mrefu wa miwani, mpole kama daktari anayejiandaa kukupa habari mbaya. Faranga yetu ilikuwa imeshashushwa, sukari imepanda, sabuni imepanda. Sasa walitaka serikali iwaandikie Barua ya Dhamira, yaani waziri aseme nchi imeamua kufanya nini ili ikopeshwe. Nilidhani, kama mtu yeyote mwenye akili zake, kwamba barua ya waziri huandikwa na waziri. Wapi!

Barua walikuja nayo. Imeshapigwa safi kwenye kikompyuta chao cha kubeba, kurasa kumi na kitu, na inaanza: "Serikali yetu, kwa hiari yake yenyewe, imeamua..." Kazi yangu ilikuwa kuihamishia kwenye karatasi yenye nembo ya wizara, pamoja na nakala nne za kaboni. Waziri atie saini, mkurugenzi agonge kashe, yaani muhuri, kisha walewale walioiandika waibebe mpaka makao makuu yao, wajisomee, waijadili na kuikubali. Umeona wapi bwana anaandika barua ya posa, halafu anaandika na jibu la wazazi wa binti, halafu anashukuru kwa kukaribishwa? Mimi niliona Kimihurura, asubuhi, saa za kazi.

Mkurugenzi wangu alikuwa mtu mzima aliyesoma Ubelgiji, mwema, mwoga kidogo. Nikamwuliza, "Bwana Mkurugenzi, hao wanaokwenda kuikubali barua ni kina nani?"

Alipenda kuulizwa. Akanieleza kwamba kuna halmashauri, na meza kubwa, na viti. Nchi tajiri kila moja ina kiti chake. Sisi na nchi nyingine kibao za Afrika tumebanana kwenye kiti kimoja, na anayekikalia anasema kwa niaba yetu sote. Tena kura hazihesabiwi kwa vichwa, zinapimwa kwa fungu ambalo kila nchi imeweka.

"Na mkubwa wao anachaguliwa na nani?"

"Na wote, Madamu. Ila hutoka Ulaya."

"Kila mara?"

"Kila mara. Na mkubwa wa benki ndugu yake, ile iliyo ng'ambo ya barabara hukohuko kwao, hutoka Amerika. Si sheria, ni mazoea tu." Akasafisha miwani yake. "Mkono mtupu haulambwi, Madamu."

Jioni nikampelekea mama maelezo haya, maana mama alikuwa mweka hazina wa ikimina, upatu wa wanawake wa mtaa wetu. Alikuwa anakunja sambusa, hakuinua hata kichwa. "Kwetu anayeleta kidogo na anayeleta kingi kila mmoja ana mdomo mmoja," akasema. "Na mimi mwaka huu namaliza zamu, anaingia jirani, hata kama simpendi. Na kweli simpendi. Sasa hao ni ikimina gani? Hao ni ndugu wawili wamegawana mirathi na mwenye mali bado anapumua."

Kesho yake nikaanza kupiga. Mpiga chapa mzuri hasomi, vidole vinasoma. Lakini ukurasa wa saba vidole vyenyewe vilisimama. Iliandikwa kwamba serikali yetu itaboresha utendaji wa bandari yake kuu na kupunguza muda wa meli za makontena kungoja nje kabla ya kutia nanga.

Nikasoma tena. Bandari kuu. Meli. Yesu na Maryamu, kama walivyokuwa wakisema wale masista! Nchi hii ina vilima mpaka basi, ina ziwa Kivu lenye boti zake, ina mto Nyabarongo ambako tunavusha mbuzi kwa mtumbwi, lakini bahari tunaifahamu kwa kuona chumvi dukani. Ilikuwa wazi kama mchana: barua hii ilishaandikwa na nchi nyingine, kwa hiari yake yenyewe, na hawa mabwana walibadilisha jina tu. Nilicheka peke yangu mpaka machozi yakanitoka.

Kicheko kiliishia ukurasa wa nane. "Serikali imeamua kupunguza watumishi wa ngazi za chini, wakianza wapiga chapa wa wizara." Nilikuwa nimeshaipiga mpaka nukta ndipo nikaelewa kwamba ni mimi. Nikaona karai la mafuta, nikaona mikono ya mama yenye makovu ya kuungua.

Nikampelekea mkurugenzi kurasa zote mbili. Wa bandari aliuangalia muda mrefu, wa wapiga chapa akauangalia kidogo. "Funika kombe mwanaharamu apite," akasema. "Piga kama ilivyo."

"Zote mbili, bwana?"

"Zote mbili."

Nikarudi mezani na hasira zangu. Na hapo, wallahi, nikafanya jambo ambalo sijalijutia hata leo: nikaupiga upya ukurasa wa nane bila ule mstari wetu. Bandari nikaiacha, na meli zake zote zikingoja. Nilijiambia, watu waliosoma barua mara kumi wasione kwamba Rwanda imepewa bahari, wataona wapi mpiga chapa mmoja wa Biryogo?

Mchana kiongozi wa ujumbe akaja kukagua kabla ya saini. Alikaa kwenye kiti changu, akasoma na kalamu mkononi. Ukurasa wa saba kalamu ikashuka kwenye bandari, ikapita kwenye meli, ikapita kwenye nanga, haikutikisika. Ukurasa wa nane ikasimama.

"Madamu," akasema kwa upole wake ule, "hapa kuna mstari umeruka."

Basi walikuwa wanasoma! Hilo ndilo lililoniuma. Nilikuwa nimedhani ni wazembe, kumbe macho wanayo, wanajua tu pa kuyaweka.

Damu ikanipanda. "Huo nitaurudisha, bwana," nikasema. "Lakini na bandari hiyo hapo juu, tutaichimba wapi? Maana hapa hatuna bahari." Mkurugenzi, aliyekuwa amesimama mlangoni, alikohoa kana kwamba amemeza inzi.

Yule bwana akarudi ukurasa wa saba, akasoma, akatabasamu. Hata aibu kidogo hana! Akanieleza kama anavyoelezwa mtoto kwamba maneno hayo yameshapitishwa na idara zote za makao makuu. Kufuta mstari mmoja maana yake ni kuurudisha waraka kwa idara zote, na tarehe ya halmashauri itapita. "Na kifungu chenyewe hakimdhuru mtu," akasema.

"Na cha wapiga chapa?"

"Hicho nacho kimeshapitishwa."

Nikapiga. Kila herufi niliigonga kama ninamgonga mtu. Waziri akatia saini bila kusoma, kashe ikagongwa, na baada ya wiki kadhaa likaja jibu: halmashauri imeikubali barua bila kupingwa, na inaisifu serikali kwa kuubuni yenyewe mpango wake. Yule wa kiti chetu cha kubanana naye aliunga mkono. Sijui kama alijiuliza tutapanda meli wapi, labda alidhani bandari ni ya jirani yake wa kiti.

Miezi ikapita, ujumbe ukarudi kukagua ahadi. Wapiga chapa wenzangu walikuwa wameshaondoka mmoja mmoja. Mimi niliachwa wa mwisho kwa sababu lazima awepo wa kupiga barua za kuwaondoa wengine, na yangu nikaipiga mwenyewe, nakala nne, bila kosa hata moja. Ijumaa ya mwisho mkurugenzi akaniletea ripoti ya utekelezaji. Mbele ya bandari alikuwa ameandika kwa mkono wake mzuri wa Kibelgiji: hakuna meli yoyote iliyocheleweshwa katika kipindi hiki. Ahadi imetimizwa. Mbele ya wapiga chapa: imetimizwa.

Ahadi nyingine zote zilikuwa na "inaendelea" na "imechelewa kwa sababu ya vita." Zilizotimia kikamilifu zilikuwa hizo mbili tu. Yule bwana wa miwani alimpa mkurugenzi mkono wa pongezi mbele yangu, na nilisikia kwamba yeye mwenyewe anarudi makao makuu kwenye cheo kikubwa zaidi.

Nikafunika mashine kwa kifuniko chake. Nilikuwa nimeshachukua mkoba mkurugenzi aliponifuata mpaka kwenye ngazi, ameinamisha kichwa. Kulikuwa na barua ya kuishukuru halmashauri, akasema, na hapakuwa na mtu wa kuipiga. Je, ningeweza kurudi Jumatatu, kwa hisani tu?

"Bwana Mkurugenzi," nikamwambia, "itumeni bandarini ikapigwe. Kule hawana kazi nyingi."