Walivyoezua Bati Bibi Akiwa Edani

Mimi si mtu wa kushtuka ovyo. Nimewahi kukaa juu ya magunia kwenye lori lililokatika breki mteremko wa Kitonga, na liliposimama nilishuka nikaomba maji ya kunywa, wenzangu wakiwa wanalia. Shule niliiacha darasa la nne. Nilianza kwa kubeba mizigo soko la Uyole, kwa mgongo huuhuu, na leo nanunua mpunga Madibira shamba kwa shamba, wakulima wananijua kwa sauti kabla hawajaniona sura. Watu wenye digrii zao hunipigia simu kuniuliza bei itapanda lini. Nawaambia, na inapanda.

Nayasema haya ili ijulikane ni mtu wa namna gani aliyesukuma geti la uani siku ile, akitoka Madibira, akaona mbingu mahali palipokuwa na paa. Nilishika ukuta.

Nyumba yenyewe iko Uyole, kando ya barabara kuu. Mbele kuna fremu za maduka, nyuma kuna safu ya vyumba vinavyotazama ua. Familia yangu iko Mbalizi, kwenye nyumba niliyojenga mwenyewe, lakini pale Uyole nilipanga stoo ya mpunga na chumba cha kulala siku za kazi. Jirani yangu alikuwa mama mmoja wa Kinyakyusa anayekaanga chapati. Chumba cha mwisho kilikuwa cha Bibi. Bibi na mumewe asili yao Pwani, lakini mzee alikuwa ameshona nguo za watu wa Uyole tangu mimi nabeba mizigo. Mzee alifariki mwaka ule, mle chumbani, na Bibi akakaa eda. Kwa asiyejua, mwanamke wa Kiislamu akifiwa na mume hukaa ndani ya nyumba aliyofiwa miezi minne na siku kumi. Hatoki ila kwa dharura, hajipambi, wanaume wasio ndugu zake tunamsalimia tukiwa nje ya mlango.

Ukarabati ulikuwa umeanza zamani kidogo. Mwenye nyumba anaishi Iringa. Alituma mafundi bila kutuambia neno. Wakaanza na choo: wakavunja, wakachimba, wakaacha, tukawa tunaomba kwa majirani na karatasi mkononi kama watoto. Wakahamia kwenye plasta, vumbi likaingia kwenye unga wa chapati mpaka wateja wakawa wanauliza kama siku hizi zina mchanga. Mimi nilipiga simu Iringa, simu ikaita mpaka ikachoka. Nikatuma ujumbe, nikaona ameusoma. Jioni yake akaweka picha yuko kwenye harusi ya mtu, anacheka, suti mpya. Nikasema huyu mzee ana shughuli, atapiga. Mtu mwenye akili hapigi kelele kwa sababu ya plasta.

Sasa paa. Safu yote ya nyuma, pamoja na stoo yangu, ilikuwa imebaki kenchi tupu, kama mbavu za ng'ombe aliyechunwa.

"Bati ziko wapi?" nikauliza.

"Lori limebeba," akasema mama chapati. "Wamesema zimeoza, mpya zinakuja."

"Na mafundi?"

Alinionyesha ardhi. Ilikuwa na matone. Mvua ya kwanza ya msimu ilikuwa imenyunyiza asubuhi hiyo, kidogo tu, ya kutuliza vumbi.

Nikampigia fundi mkuu. Yeye alipokea, na nyuma yake nikasikia mtu anaswaga ng'ombe wa plau.

"Bosi, mvua si umeiona? Tuko shambani tunapanda mahindi. Tukimaliza tunarudi."

"Mmeezua nyumba ya watu halafu mmekwenda kupanda?"

"Sasa bosi, nikiezeka nyumba yako, wanangu watakula misumari?"

Nikakata simu, maana ndivyo tulivyo. Kwetu huku, awe fundi, awe mwalimu, awe askari, mvua ya kwanza ikidondoka kila mtu ana shamba mahali. Ndiyo maana hakuna mtu wa nyanda hizi anayeezua nyumba mwisho wa Novemba. Nikasema mwenye nyumba amekosea msimu, uzee huo.

Nilikuwa na turubai nne. Nikazitandaza zote juu ya mpunga, nikafunga kamba kwa mikono yangu. Kisha nikaenda kusimama nje ya mlango wa Bibi.

"Hodi, mama. Uko ndani kweli?"

"Niko wapi tena, mwanangu?"

Mlango ulikuwa nusu wazi. Kitanda kilikuwa kimesukumwa kwenye kona, chini ya kipande cha dari ambacho mafundi hawakukifikia, na juu yake wanawake wa msikitini walikuwa wamefunga nailoni ya kufunikia miche. Mawingu yalikuwa yanapita juu ya chumba cha mtu. Nilihisi haya, kama nimemkuta anaoga.

Nikamwambia aende kwa mmoja wa wale wanawake. Akasema shehe naye amekuja asubuhi, ameshampa ruhusa, nyumba ikiwa haikaliki mtu wa eda anaweza kuhama.

"Sasa si uhame?"

"Nikihama, huu mlango nitaukuta na kufuli la mtu mwingine. Binti yangu anakuja kunichukua kwenda Tanga eda ikiisha. Zimebaki siku za kuhesabika, mwanangu. Mume wangu alitolewa hapa kwa heshima. Na mimi nataka nitoke hapa nimeoga, nimevaa, kwa miguu yangu. Sitaki kutolewa na mvua."

Basi hilo ndilo lililokuwa mbele yetu, mengine yote yalikuwa maneno. Mwenyekiti wa mtaa alisema ni mambo yetu na mwenye nyumba. Mimi nikasimama katikati ya ua nikawatangazia wapangaji wote: nakwenda Iringa, na nikirudi nitarudi na bati. Nimewahi kumshawishi tajiri wa Makambako aniachie mashine yake ya kukoboa kwa maneno matupu. Mzee mmoja wa Iringa angenishinda nini? Ufunguo wa stoo nikamwachia mama chapati.

"Bosi wa mpunga anakwenda vitani," akasema, wenzake wakacheka. "Usisahau kurudi na bati la mlango wa choo pia."

Nikaendesha gari langu mwenyewe, Igawa, Makambako, Mafinga, kote naandaa maneno. Nilimkuta mwenye nyumba nyumbani kwake Kihesa, kibarazani, amevaa sweta, anachambua mbegu za maharage kwenye ungo. Ni mtu mpole. Lazima niseme hivyo, maana ndicho kilichonitisha zaidi. Alinisalimia kwa Kihehe, kamwene, akaagiza chai iletwe, akaniuliza habari za watoto.

"Mzee," nikasema, "simu hupokei."

"Simu zipo nyingi, ndugu yangu. Napokea ninazoziweza."

"Nyumba haina paa na mvua imeanza."

"Najua. Si nimeezua mimi?"

"Mafundi wamekwenda kupanda."

"Waliniaga." Akapuliza maganda kwenye ungo. "Hata mimi kesho napanda haya."

Nikacheka, nikidhani ni mzaha wa wazee. Yeye hakucheka.

"Mzee, labda hukuelewa msimu..."

"Nimezaliwa huku. Mimi si mgeni wa mvua."

Chai ikaletwa. Nilikishika kikombe, sikunywa.

"Kuna mama mle yuko edani," nikasema. "Kafiwa."

"Namfahamu. Nilikuja kuzika, nikapeleka na sukari." Na kweli alikuwa amekuja, nilikumbuka. "Mumewe alikuwa mpangaji mzuri sana, hakunisumbua hata siku moja. Sasa mpangaji wangu amefariki, Mungu amlaze pema. Yule mama mimi sina mkataba naye. Lakini siwezi kumfukuza mjane, ndugu yangu, watu watanisema. Kwa hiyo sijamfukuza. Natengeneza nyumba."

Alisema hivyohivyo, kwa upole huohuo, vidole vikiwa kwenye maharage. Nimefanya biashara na wezi, nimeketi na watu waliojaza mawe kwenye magunia wakaniapia kwa Mungu, lakini sijawahi kumsikia mtu akieleza jambo kama lile kama anayeeleza jinsi ya kupika ugali. Hakuwa amekosea msimu hata kidogo. Aliisubiri mvua. Alijua tone la kwanza likidondoka mafundi watakimbilia mashambani, na hakuna atakayemlaumu yeye wala kuwalaumu wao.

"Na mimi je?" nikasema. Sauti yangu mwenyewe sikuijua. "Mimi sijafa."

"Wewe una kwako Mbalizi. Wewe nani atakuonea huruma?" Akatabasamu. "Pale nataka kuweka gesti. Magari makubwa yanalala Uyole siku hizi."

"Nitakwenda baraza la ardhi na nyumba."

"Nenda tu. Mpaka mtakapoitwa, mahindi yatakuwa yanachomwa. Kunywa chai, inapoa."

Maneno yote niliyoyaandaa njiani yalikwisha. Mimi! Niliondoka bila kuaga vizuri, nikalala gesti ya Ipogolo, asubuhi nikarudi. Kufika Igawa nikaona upande wa Mbeya kumesimama weusi, na lori lililokuwa linatoka huko lilikuwa linachuruzika maji. Nikakanyaga mafuta. Niliingia Uyole mchana, mitaro imejaa, mvua ndiyo kwanza imekatika.

Geti, ua, stoo. Mlango wa stoo ulikuwa wazi. Turubai hazikuwepo hata moja, na mpunga wangu ulikuwa umelowa, magunia ya juu meusi, maji yanatiririka kutoka gunia hadi gunia mpaka chini.

Nilipiga ukelele ambao sikujua kama ninao.

"Baba, punguza sauti," mama chapati akatokea, mikono ina unga. "Kuna mtu wa eda."

"Nani amechukua turubai zangu?"

"Mimi."

"Wewe?"

"Ufunguo si uliniachia mimi? Mvua ilikuja na upepo, ile nailoni ikaruka mpaka barabarani. Nilisimama hapa, huku kuna mpunga, kule kuna mtu. Ungekuwa wewe ungesimama muda gani?" Akanitazama usoni. "Basi na mimi sikusimama. Vijana wa bodaboda wamepanda kwenye kenchi wamefunga zote nne. Hajalowa hata ukucha. Umerudi na bati?"

Watu walikuwa wamejaa uani, wanangoja. Nilitembea mpaka mlango wa Bibi. Turubai zangu zilikuwa zimekazwa juu yake kama ngoma, na jina langu la biashara limeandikwa kwa rangi nyekundu, kichwa chini.

"Mwanangu, umerudi salama?" sauti ya Bibi ikauliza kutoka ndani.

"Salama, mama."

"Amesemaje?"

Nilitafuta uongo. Mimi uongo wa biashara ninao mwingi tu, lakini siku ile haukuja hata mmoja. Nikabaki natazama tope kwenye viatu vyangu.

"Usihangaike," akasema. "Jana jioni amenipigia mwenyewe. Mpole kweli yule baba. Akaniambia mpangaji wake alikuwa mume wangu."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia, basi akamfukuze yeye. Makaburini anapafahamu, alikuja kuzika."

Nyuma yangu mama chapati aliangua kicheko, akajiziba mdomo kwa mkono wenye unga. Mimi sikucheka. Nilikuwa bado nasikia yale maharage yakidondoka kwenye ungo.

Mpunga uliolowa haungoji mtu akasirike. Ukiuacha kwenye magunia unapata joto, unaota, unanuka, na jua lilikuwa linatoka kali, kama linavyofanya baada ya mvua za mwanzo. Ulitakiwa kuanikwa saa hiyohiyo, na sikuwa na cha kuanikia. Kumwambia mtu afungue turubai sikuthubutu. Ndipo mlango wa Bibi ukafunguka kidogo, ukatokea mkono na mkeka uliokunjwa. Ilikuwa ile mikeka ya msibani, waliyokalia watu siku ya mzee. Akatoa wa kwanza, akatoa wa pili, akaendelea, tukawa tunaipokea na kuitandika, uso wake hatuuoni. Wapangaji wengine wakaleta mashuka, mama chapati akaleta mapazia yake. Tulimwaga mpunga ua mzima mpaka kibarazani, tukaugeuza kwa mikono. Uliokuwa chini ya rundo ulipona wote. Wa juu nilikuja kuuza kwa wafuga kuku, na hata hapo nilipata bei ambayo mtu mwingine asingepata.

Mwenye nyumba hakuja, mafundi nao hawakuja. Mvua zilishika hasa, wapangaji wengine wakawa wanalala kwenye fremu za mbele, na kila ilipoacha tulipanda kukaza kamba.

Siku eda ilipoisha nilikuwepo, sikwenda Madibira makusudi. Binti yake alikuwa amefika kutoka Tanga. Wanawake wa msikitini walikuja na maji ya moto na udi, wakajifungia naye. Alipotoka sikumtambua mara moja. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake, kavaa kanga mpya, kapaka wanja, mkononi kashika cherehani ya mumewe iliyofungwa kwenye kitambaa, hataki kupokewa. Alimkumbatia mama chapati kwa muda mrefu. Mimi alinipa mkono akasema turubai zako hizo, mwanangu, samahani kwa mpunga. Nikasema mpunga si kitu. Sijui kama nimewahi kusema hivyo maishani.

Kisha akarudi mlangoni. Akaweka cherehani chini, akatoa ufunguo, akafunga chumba kisicho na paa, akausukuma mlango kwa kiganja kuhakikisha umefunga. Hakuna mtu aliyecheka. Akaitwaa cherehani yake, wakatoka yeye na binti yake kuelekea barabarani, kwa miguu, taratibu, jua likiwa limewaka.