Shamba la Mama Kwanza

Nyama ya maksai wetu ilinukia hadi kwa majirani, nami nililia huku nikiitafuna. Ilikuwa miaka ya sabini, kwetu Migwani, mvua ikikaribia. Mutua, jirani yetu, alikuwa amemkuta maksai huyo akila kunde zake, hasira zikampanda, akamkata mguu kwa panga. Ikabidi achinjwe. Plau yetu ilivutwa na maksai wawili, na sasa tulibaki na mmoja. Baba alikuwa amefariki. Tusipolima kabla ya mvua, tungelala njaa mwaka mzima, na Mama alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Polisi walimkamata Mutua, kesi ikapelekwa Kitui. Mama alinichukua, tukabanana kwenye benchi la nyuma. Inspekta wa polisi, aliyekuwa mwendesha mashtaka, alisoma mashtaka, Mutua akakiri, na kwa kuwa amekiri, hata ushahidi wa Mama haukuhitajika tena. Mama, mwenye ng'ombe, aliketi kama mgeni. Mimi nilikasirika kuliko yeye. Inspekta alipoomba kifungo, Mama alisimama bila kuitwa. Askari akamwashiria aketi, lakini hakimu akamuuliza anataka nini.

"Sitaki afungwe," Mama akasema. "Akiwa ndani, nani atanilimia? Alime shamba yangu kwanza, ndio alime yake. Na kosa lake alisemee hapa, mimi nikisikia. Kunde zake nitamrudishia."

Mutua aliinamisha kichwa. "Nilikosa, Mama Mwende. Ilikuwa hasira tu. Nitalima."

Hakimu aliahirisha kesi ili aone kama atatimiza. Kesho yake alfajiri Mutua alifika na maksai wake, nami nikawaongoza. Mama alimletea uji, kisha akamfuata nyuma akimwonyesha sehemu alizoruka, naye akazirudia bila kunung'unika. Nilifurahi sana, sioni haya kusema. Mvua ilipoanza, shamba letu lilikuwa tayari, lake nusu. Mama akampelekea mbegu za kunde na kumtania kwa uvivu wake, wakacheka.

Mwaka jana duka langu la ushonaji hapa mjini Wote lilivunjwa, cherehani ikaibwa. Kijana aliyefanya hivyo alikamatwa, akafungwa. Nasikia sheria za sasa zinataka mlalamishi asikilizwe, lakini mimi sikuitwa; habari za hukumu nilizipata kwa muuza mboga. Watu walikuja kunipongeza, nami nikawashukuru. Nilikuwa na swali moja tu la kumuuliza kijana yule: cherehani yangu alimuuzia nani?