Paji la Uso Lililoniumbua

Tarumbeta naijua, hilo halina ubishi. Nilipojiunga na bendi ya jazi ya Dixieland hapa Guangzhou, wenzangu walitaja vyuo vyao vya muziki, nami nikamwambia kiongozi wetu, Chen, kwamba nimesomea chuoni.

Jumamosi, zamu yangu ya kupiga peke yangu ilipofika, miguu ilinishusha jukwaani hadi meza ya mbele, nikamwinamishia mama mmoja wa Kichina paji la uso. Akalishika taratibu, akidhani nina homa.

Mama Neema, ninayenunua naye nguo soko la Shahe, alikuwa ameketi meza hiyohiyo; akamgeukia Chen jukwaani na kumwambia kwa Kichina safi: "Haumwi. Anangoja kubandikwa noti ya pesa pajini, kama wapigaji wa harusini kwetu. Harusini kwangu Moshi alifanya hivihivi aliposhuka kwenye pikapu ya matarumbeta, na muziki kajifunzia kwenye pikapu hiyohiyo."